Sauti ya Ukweni

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani kabla hujalisoma, usihangaike. Maisha yangu yanaenea kiganjani. Kampuni ilifungwa, na cheo changu cha afisa mauzo kikafungiwa humo humo ndani. Nikafuga kuku, wakafa kwa adabu, mmoja mmoja, kama watu wanaopishana mlangoni. Mwisho Mama Godoro, mwenye duka la magodoro pale sokoni, akaniambia nina koo ambalo ni dhambi kulinyamazisha. Akanipa kazi ya kuita wateja.

Ukweni walikuwa hawajui. Ukweni mimi nilikuwa bado Bwana Afisa.

Tuliachana pale simu ilipoita, na aliyepiga ni shemeji, kaka wa mke wangu, anayefanya kazi mbali. Leo nasimulia alichotaka, na nilichomjibu. Nisomeni tu, ila mkimaliza msinisalimie njiani.

Shemeji alisema mama yao ameitwa kwenye hospitali ya macho hapa mjini. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari bingwa wamekuja kwa wiki hii tu. Ijumaa wanafunga masanduku wanarudi walikotoka, na hakuna ajuaye watakuja tena lini. Mama mkwe alikuwa amefika mahali pa kumjua mtu kwa mwendo wake. Binti yetu alizaliwa ukungu ukiwa umeshatanda. Bibi yake anaijua sura yake kwa kuipapasa.

"Hoteli nalipa mimi," alisema shemeji. "Wewe mtu wa mjini nichagulie mtaa. Nimeambiwa kuna mbili za heshima. Moja iko sokoni, karibu kabisa na hospitali, lakini pana kelele. Nyingine iko kilimani, mtaa umetulia. Mgonjwa akae wapi?"

Msiniulize kwa nini mama mkwe hakufikia kwangu. Nilikwisha kuwaambia ukweni kwamba nyumba yetu inapakwa rangi na harufu yake ni mbaya kwa macho. Nyumba yenyewe ni chumba na sebule, na mara ya mwisho kupakwa rangi mimi na mke wangu tulikuwa hatujajuana.

Swali la shemeji lilikuwa jepesi. Hata mgeni aliyeshuka leo angejibu sokoni. Hospitali unaiona, duka la dawa liko mlangoni, ukipotea kuna mtu wa kukuelekeza na mwingine wa kumsahihisha.

Lakini sokoni nilikuwepo mimi.

Na ningekuwepo hata kama nisingekuwepo, kwa sababu Mama Godoro alikuwa amenirekodi. Sauti yangu iko ndani ya spika juu ya mlango wa duka. Inazunguka tangu duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa, hata kama mwenyewe nimekwenda kunywa chai. Dirisha la hoteli ya sokoni na spika ile vinatazamana kama majirani wenye kesi.

Maneno niliyatunga mwenyewe. Nayaandika hapa yote, maana bila hayo hamtaelewa aibu yangu ina urefu gani:

"Godoro, godoro, godoro! Usilale kama umefungwa, lala kama umerithi! Mgongo hauna spea, ndugu yangu! Hata mama mkwe aliyekuja amenuna, mlaze hapa: atakoroma mpaka panya wahame! Njoo ujaribu! Kulala bure, kuamka ndiko kuna bei!"

Hapo pa mama mkwe ndipo panapouza. Wanaume husimama na mizigo yao mabegani, wakangoja spika izunguke ifike pale tena, wakacheka upya kama hawajawahi kupasikia. Wauza viatu wa jirani wamepakariri. Watoto wakitoka shule hupasema kwa pamoja.

Sasa mjue pia kwamba ukweni nina sauti nyingine. Mbele ya mama mkwe mtu haropoki. Unainama, unahesabu vidole vya miguu yako, unasema kama umemeza pamba. Tangu siku ya posa, mama mkwe alikuwa hajasikia kutoka kwangu zaidi ya shikamoo mama, ndiyo mama, tumeshiba mama. Macho yalipomfifia akabaki kunijua kwa pamba hiyo hiyo. Aliwaambia majirani zake kuwa amepata mkwe mtaratibu mpaka sisimizi humpisha njia.

 "Kilimani, shemeji," nikasema. "Mgonjwa anahitaji utulivu."

 Shemeji akasema hii ndiyo sababu ananiheshimu. Wengine wangetazama urahisi wao, mimi nimemtazama mgonjwa.

Akampigia baba yao. Baba akawapigia ndugu. Kabla ya jua kuzama shangazi mmoja wa mke wangu, ambaye sijawahi kuonana naye, alinipigia kuniombea maisha marefu. Nimewahi kutukanwa na watu wazima nikala nikashiba. Siku hiyo nilisifiwa, na chakula hakikupita.

Mke wangu alikuwa ameegemea mlango muda wote ule.

"Kilimani kwa nini?" akauliza.

"Utulivu."

"Utulivu wa nani?"

Nikajifanya natafuta chaja. Yeye akaendelea kukunja nguo za mtoto, akasema polepole, bila kunitazama, kwamba yeye hatanisema kwa mama yake, ila mama yake akimuuliza hatamdanganya. "Uongo ni wako, ubebe mwenyewe. Mimi nilibeba mtoto, inatosha."

Walifika Jumanne. Baba mkwe anaitwa Mzee Mashine. Maisha yake yote aliendesha mashine ya kusaga unga, na mashine ikamlipa kwa kuchukua masikio. Huzungumza na wewe kana kwamba uko ng'ambo ya mto. Mkono mmoja alimshika mkewe, mwingine alibeba redio yake kubwa, kaifunga kwa mpira wa baiskeli.

Hoteli ya kilimani ilikuwa na zulia la kuzamisha kisigino. Maua yamepangwa, milango inajifunga yenyewe bila kusikika. Mhudumu wa mapokezi alitukaribisha kwa kunong'ona, akatuomba kwa kunong'ona tusaini, akatuonyesha ngazi kwa kidole.

Baba mkwe akageuka, akaniuliza kwa sauti iliyotingisha vikombe mezani, "Mkwe, amefiwa nani hapa?"

Nikamwambia hakuna aliyefiwa, ndivyo mtaa ulivyo. Hakunisikia. Huwa hanisikii. Alimpa mhudumu pole.

 Mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda, binti yetu mapajani, akampapasa paji la uso, pua, kidevu, akarudia. Akamwambia, "Wiki hii nitakuona, bibi mdogo. Nijue hii pua umeiiba wapi." Kisha akanigeukia, yaani akaugeukia upande nilikokuwa, akanishukuru kwa kumchagulia mahali pazuri.

"Ndiyo mama," nikasema, kwa pamba.

Jumatano asubuhi nikakuta mambo. Mzee Mashine, kumbe, hulala na redio imefunguliwa mpaka mwisho, naye haisikii. Wageni wa vyumba vya jirani waliisikia kwa niaba yake. Walilalamika, mhudumu akapanda kuiomba kwa heshima zote, akaishusha mapokezi, akaifungia kabatini. Mama mkwe alikuwa amekaa, macho mekundu. Nikamuuliza kama amelala. Akasema amelala, mwanangu, asante. Mke wangu akanitazama tu.

Hospitalini muuguzi akamfunga mkono, akapima presha, akatikisa kichwa. Alieleza kwa upole kwamba jicho haliguswi presha ikiwa juu namna ile. Arudi akapumzike mahali patulivu, aje kesho.

Mahali patulivu. Tukamrudisha kilimani.

Alhamisi presha ikawa imepanda zaidi. Muuguzi akaondoa kipimo, akaketi ubavuni mwa mama mkwe. "Mama, kesho ndiyo mwisho. Ikishuka unaingia. Isiposhuka utangojea kundi lijalo, na mimi sijaambiwa lijalo ni lini." Akatugeukia. "Analala wapi huyu mama?"

"Kilimani," mke wangu akajibu. "Mkwe wake ndiye aliyepachagua."

"Vizuri sana," akasema muuguzi, akanitikisia kichwa cha pongezi.

Hata yeye. Niliangalia sakafu ya hospitali ile nikaona ni safi mno, haina hata ufa wa kujifichia.

Tulipotoka nje mke wangu alimkalisha mama yake kwenye benchi, akainama, wakazungumza kwa muda. Niliona mama mkwe akitikisa kichwa, anakataa jambo, kisha akakubali. Mke wangu akaja nilipokuwa nimesimama na mzee.

"Hajalala tangu aje," akaniambia. "Anaona haya kusema, kwa kuwa wewe ndiye uliyechagua."

Ndipo akanieleza. Chumba cha wazazi wake kimeshikana ukuta na mashine. Msimu wa mavuno mashine ilikuwa ikisaga mpaka alfajiri, na mama yake akalala kama mtoto. Kilichomwamsha ni mashine kunyamaza. Mashine ikinyamaza ghafla, ama mkanda umekatika, ama umemshika mtu. Ndivyo vilivyokwenda vidole viwili vya mzee: mngurumo ulikata, mama yake akatoka mbio na kiatu kimoja, akamkuta. Mashine ilipostaafu, redio ikashika zamu. Lakini tangu siku ile ya vidole, kimya kwake ni habari mbaya ambayo mleta habari hajafika.

"Pale kilimani analala macho, anasikiliza nani ameumia."

"Sikujua," nikasema.

"Hukuuliza. Mimi nilidhani uzee umemzoesha kimya, hilo ni kosa langu. Lakini wewe hukunigeukia hata kuniuliza mama hulalaje. Ulikuwa unajichagulia mtaa wewe." Akamfunga mtoto vizuri mgongoni. "Anahamia sokoni leo hii."

"Kule kuna kelele."

"Ndizo tunazozifuata."

Nilikimbia mbele yao. Nilimkuta Mama Godoro amekaa juu ya magodoro manne yaliyopangwa, kama malkia asiye na nchi, na mimi juu ya mlango nawaambia wapita njia mgongo hauna spea.

Nikamwomba azime spika. Akauliza kwa nini azime siku ya watu. Nikajaribu uongo mmoja, ukakataa kukaa. Nikajaribu wa pili, nao ukaanguka. Basi nikamwambia ukweli, wote, nikiwa nimesimama kati ya mito na mashuka.

Alicheka. Alicheka mpaka akashikilia godoro asidondoke. Kisha akaacha, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Kwa hiyo, Koo, yule mama mkwe wa tangazo yupo kweli?" Sokoni jina langu ni Koo.

"Yupo. Na hanuni. Hajawahi kuninunia hata siku moja."

Hapo hakucheka. Alinyoosha mkono akazima. Soko zima likapungukiwa kitu, nikaona hata muuza viatu ameinua kichwa. "Nazima kwa ajili yake, siyo yako," akasema. "Lakini mimi nauza magodoro, siuzi siri. Mteja akiniulizia ile sauti iko wapi, nawasha."

Tukahama. Mhudumu wa kilimani alimrudishia mzee redio yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Chumba cha sokoni kilikuwa juu, na dirisha lake lilikuwa wazi. Chini nyundo za mafundi, toroli, mwenye mali anamzomea mwenye toroli, muziki wa duka hili unapigana na wa duka lile. Mama mkwe akasimama katikati ya chumba, uso juu. Nikayaona mabega yake yakishuka kama koti linalovuliwa.

"Hapa kuna watu," akasema.

Nilifurahi. Furaha yangu ilichukua muda wa kunywa maji nusu kikombe. Kisha ng'ambo ya barabara spika ikakwaruza, ikakohoa, nami nikajisikia nikiingia dirishani.

Godoro, godoro, godoro.

Mama mkwe akainua kidole tunyamaze. Akasogea dirishani, mkono mmoja ukutani. Mimi nikainamia vidole vyangu vya miguu. Vilikuwepo vyote. Usilale kama umefungwa, lala kama umerithi. Akatabasamu. Mgongo hauna spea. Akatikisa kichwa kukubali. Nikajua kinachofuata, na hakuna mahali pa kukimbilia, kwa maana nilikuwa mlangoni na dirishani kwa wakati mmoja.

Spika ikasema habari za mama mkwe, na kununa kwake, na panya.

"Anasemaje huyo?" akauliza Mzee Mashine.

"Anauza magodoro, baba," akajibu mke wangu. Baba yake alikuwa kulia. Yeye alikuwa ananitazama mimi, kushoto.

Mama mkwe akacheka. Lile lilikuwa cheko lake la kwanza tangu aje mjini. Lilianza tumboni, likamfikisha kitandani, akaketi. Alipomaliza akajifuta machozi, na uso ukapoa.

"Maskini," akasema. "Namwonea huruma mama mkwe wake. Sijui kama anajua anavyotangazwa."

"Labda hajui," akasema mke wangu.

"Mwanangu Afisa, wewe mtu wa maofisini. Hili ni jambo la mtu kumfanyia mkwewe?"

 Nikaitafuta pamba yangu, nikaipata. "Ni utovu wa adabu, mama."

"Ndiyo hapo," akasema. "Ila ana sauti nzuri, mshenzi huyo. Sauti ya mashine." Akavua viatu, akajinyoosha, akageukia dirishani. Spika haijamaliza mizunguko mingi, akawa amelala.

Na akakoroma. Jinsi nilivyotangaza.

Mke wangu alikaa akimsikiliza, kiganja mdomoni. Nilidhani anacheka, nikasogea nicheke naye. Alikuwa analia. Nikatoka nje, nikasimama ng'ambo ya barabara chini ya spika yangu, watu wakanipiga mabega wakiniambia Koo leo umewaka.

Duka lilipofungwa, muziki wa mtaa ukashika zamu mpaka asubuhi. Naambiwa alilala moja kwa moja, na baba mkwe pia, redio imewashwa na hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyeisikia.

Ijumaa tulikwenda hospitali kwa miguu. Mama mkwe alitembea kama mtu aliyelipwa haki yake. Tulipopita dukani, Mama Godoro alikuwa ndiyo kwanza anainua milango ya bati.

"Yule wa magodoro bado hajaamka?" mama mkwe akauliza.

"Bado, mama," nikasema.

Mama Godoro alisimama na kufuli mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama yule mama anayepapasa hewa mbele yake, akamwamkia kwa adabu kubwa na hakusema lingine. Ningependa kama angenizomea.

Sasa chumba cha kungojea upasuaji. Sijui nani alikichora, lakini huyo na mhudumu wa kilimani walinyonya ziwa moja. Milango minene, madirisha yamefungwa, ukutani picha ya mtu ameweka kidole mdomoni. Wagonjwa wamekaa kwa safu, kila mmoja na ndugu yake, wanaongea kwa kubonyezana mikono.

Muuguzi wetu akaja, akapima. "Imeshuka sana kuliko jana," akasema, na uso wake ukafurahi nusu. "Lakini bado haijafika. Daktari anamaliza waliotangulia. Nitarudi nipime mara moja tu, na hiyo ndiyo itakayoamua. Mama, tulia. Usiwe na hofu." Akaondoka na viatu vyake visivyotoa sauti.

Mlango ukajifunga. Kimya kikarudi, kikakaa nasi kwenye benchi.

Mama mkwe alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Niliiona mishipa ya mikono ile. Binti yetu alisimama katikati ya magoti yake, akimchezea kitambaa, naye hakumpapasa.

"Pamenyamaza tena," akasema.

Mke wangu akamwambia ni hospitali tu, mama, hakuna aliyeumia.

"Najua. Kichwa kinajua."  "Laiti ningemsikia yule kichaa wa magodoro kidogo tu. Kidogo tu, nishushe roho."

Nikasimama haraka, nikapata wazo, na wazo lilikuwa la mwoga kama mwenyewe. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini kwamba nikimbie kwa Mama Godoro, nimwombe ile spika, niilete mpaka chini ya dirisha, wafungue kidogo.

"Spika ya nini?" akauliza.

 Alimbeba mtoto, akasogea pembeni, akaniachia nafasi mbele ya mama yake.

Nilisimama pale. Kulia baba mkwe, ambaye alinipa binti yake kwa kuwa nilikuwa mtu wa ofisini. Mbele yangu mama mkwe, mikono imeng'ang'ania benchi. Pande zote watu nisiowajua, wenye vitambaa machoni. Nikafikiri: akiniona Bwana Afisa kesho kwa macho yake mwenyewe, atamwona mtu gani? Kisha nikafikiri: asiponiona kabisa?

"Godoro," nikasema. "Godoro, godoro."

Ilitoka kwa pamba. Ilitoka kama mtu anayesoma wosia.

"Siyo hiyo," mke wangu akasema nyuma yangu.

Nikavuta pumzi. Nikaitoa.

Wenzangu, sijawahi kusikia sauti yangu ndani ya chumba kilichofungwa. Iligonga ukuta, ikarudi, ikanikuta bado natoa nyingine. Usilale kama umefungwa, lala kama umerithi. Mzee mmoja mwenye kitambaa macho yote alishtuka akashika fimbo yake. Mgongo hauna spea, ndugu yangu. Mtu akacheka, akajiziba. Sikumtazama yeyote. Kwa mara ya kwanza tangu nioe sikutazama hata vidole vyangu. Nilimtazama mama mkwe, na niliona mkono wake wa kulia ukiachia benchi, kisha wa kushoto.

Nikafika pale. Mstari unaofuata ni mama mkwe mwenyewe, amenuna, anakoroma, panya wanahama.

Nikauruka.

Njoo ujaribu, nikasema. Kulala bure, kuamka ndiko kuna bei. Nikanyamaza, jasho likinishuka mpaka kwenye soksi.

Aliyezungumza wa kwanza ni Mzee Mashine. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, uso umemchanua kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Huyu kijana kumbe anaongea," akasema. "Miaka yote nasema binti yangu kaolewa na bubu, nikaona haya kuuliza. Leo ndiyo namsikia."

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaingia mbio, anauliza ni nani anayefanya biashara kwenye wodi ya macho.  Mama mkwe tayari alikuwa amekunja mkono wa nguo na kuunyoosha. Muuguzi akautazama mkono ule, akanitazama mimi, akameza alichotaka kusema. Akapiga goti, akafunga kipimo, akaanza kukijaza upepo.

Mama mkwe aligeuza uso akaulenga wangu, sawasawa kabisa, kama anaona. Hakutabasamu. Hakukunja uso. Nilitafuta hukumu pale sikuipata.

"Bwana Afisa," akasema.

"Ndiyo mama." Pamba ilikuwa imerudi yenyewe.

"Umeruka mahali."

Nikavitafuta tena vidole vyangu vya miguu.

"Baada ya mgongo," akasema. "Kabla ya kujaribu. Pana mtu pale ulikuwa unamsema, nami jana nilimwonea huruma sana. Mseme nimsikie."

Muuguzi, macho kwenye kipimo, akainua mkono akataka mtu yeyote asiseme neno.

Mama mkwe akasema niseme.